Mama yangu amefariki, mwanangu hakutoa hata chozi. Wiki ya tatu akalilia chuma cha vitumbua. Hii ni nini?

#1 Mwana Ujiji
Salaam wakuu.

Mama yangu mzazi alifariki mwezi uliopita, tukamzika hapa hapa Ujiji. Nina kijana wa miaka minne na nusu aliyekuwa haachani na bibi yake. Kila alfajiri alikuwa anaamka, anavuka ua pekupeku, anakwenda kukaa kwenye kigoda pembeni ya jiko la bibi. Kitumbua cha kwanza kutoka kwenye chuma ni chake, hata kama wateja wanasubiri mlangoni.

Siku ya msiba nyumba ilijaa. Dada zangu walikuwa wanalia mpaka wanashikwa. Mtoto anakimbizana na wenzake chini ya turubai. Alinijia mara moja tu, akaniuliza kama wali umeiva. Nasema ukweli, nilimkasirikia. Baada ya khitma shangazi yangu akasema mbele za watu, "Huyu mtoto wako ana moyo mgumu." Neno hilo halijanitoka.

Sasa wiki ya tatu mke wangu akamwazima jirani chuma cha vitumbua cha marehemu. Mtoto alipomwona jirani anatoka nacho alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Alilia kuanzia alasiri mpaka magharibi, akatapika, akalala pale pale kizingitini. Neno lake lilikuwa moja: "Bibi atapikia nini?"

Naomba wenye elimu ya mambo haya wanisaidie. Alikuwa na huzuni siku zote hizo sisi hatukuiona, au huzuni imeanza siku ile ya chuma? Na kwa nini sisi wakubwa tunalia siku ya kwanza halafu tunaanza kusahau, yeye anacheza siku ya kwanza halafu ndiyo anaanza kulia?

#2 Mtumbwi Kibirizi
Pole sana ndugu. Nitarudi, hili linanigusa.

#3 Bi Mkubwa Gungu
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole mwanangu.

Mtoto wa miaka minne hajui kifo. Kwake bibi amesafiri, kama watu wanavyopanda treni pale stesheni wakarudi na mizigo. Anajua bibi atarudi, na akirudi atataka chuma chake. Ndiyo maana kalia. Hakulilia msiba, kalilia mali ya bibi isiibwe. Shangazi mtu asikusumbue.

#4 Kakonko Kwetu
Pole mkuu. Nasoma saikolojia, niko mwaka wa tatu. Bi Mkubwa amesema jambo ambalo limefanyiwa utafiti kabisa. Mama mmoja wa Hungaria, Maria Nagy, alichapisha mwaka 1948 kazi aliyoifanya Budapest kwa watoto 378, wa miaka 3 hadi 10. Aliwaacha wachore, waandike, wazungumze juu ya kifo. Aliona kwamba walio chini ya miaka mitano wanakichukulia kifo kama safari au usingizi. Marehemu yuko mahali, ila hafiki. Wa miaka mitano hadi tisa wengi walikifanya kifo kuwa mtu, anakuja, anachukua. Ni kuanzia miaka tisa hivi ndipo walipokubali kwamba hakuna kurudi na kwamba kila mtu atakufa.

Kwa hiyo mtoto wako hana moyo mgumu. Habari ya msiba haikumfikia kwa namna ilivyokufikia wewe.

#5 Mbishi wa Mwanga
Budapest na Ujiji wapi na wapi? Watoto wa huko walikuwa wametoka kwenye Vita Kuu ya Pili. Watoto wetu wanaona kuku anachinjwa kila sikukuu. Mwanangu wa miaka mitatu anakwambia kabisa "kuku kafa, hatembei tena". Msituletee vipimo vya kizungu kwa kila kitu.

#6 Nesi wa Kasulu
Mbishi ana hoja nusu. Hata huko kwenyewe waliofuata wamerekebisha umri wa Nagy. Tafiti zilizokusanywa hadi miaka ya 1980 zinaonyesha watoto wengi wanaelewa kwamba aliyekufa harudi wakiwa na miaka mitano hadi saba, wengine mapema zaidi, hasa waliofiwa. Na ile habari ya kifo kuwa mtu haikuonekana sana mahali pengine. Kwa hiyo "miaka tisa" ya #4 isichukuliwe kama sheria.

Ila mimi sikubaliani na Bi Mkubwa pia, kwa heshima yake. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi. Mtoto asiyelia si mtoto asiyeumia. Kuna wanaopigwa sindano wanakutazama tu machoni. Unashika mkono, unakuta wa baridi na umelowa jasho, moyo unakwenda mbio. Uso hauna kitu, mwili unapiga kelele.

Mwana Ujiji, nikuulize. Zile wiki tatu alikuwa analala vizuri? Alilalamika tumbo?

#7 Mwana Ujiji
Nesi umenishtua. Tumbo, ndiyo. Tulimpa dawa ya minyoo. Na alirudi kukojoa kitandani, jambo aliloacha tangu ana miaka mitatu. Mke wangu alidhani ni uchovu wa wageni.

#8 Nesi wa Kasulu
Basi huzuni ilikuwepo, ilikuwa tumboni. Mtoto wa umri huo hana neno "huzuni" mdomoni, ana neno "tumbo".

#9 Abuu Khalfan
Hata sisi wakubwa tunasema "roho inaniuma", "moyo umenipasuka", "maini yamenikatika". Kiswahili kinaweka uchungu ndani ya mwili. Huyo mtoto amezungumza Kiswahili sanifu, wazazi ndio hawakusikia.

#10 Mnyamwezi wa Ng'ambo
Pole mkuu, kutoka Tabora. Naona mpaka mistari ya kumi hakuna aliyeuliza vitumbua vya bibi vilikuwa vya mchele wa wapi. Watu wa Kigoma mmebadilika.

#11 Mwana Ujiji
@Mnyamwezi umenifanya nitabasamu leo, ahsante. Mchele alikuwa analoweka usiku, anasaga mwenyewe na nazi na hiliki. Hakuwa anakubali unga wa dukani.

#12 Mto Kakombe
Poleni wafiwa. Naomba nilete jambo kutoka hapa hapa kwetu, watu wanalisahau kwa sababu wanadhani hifadhi ya sokwe ya Gombe ni ya watalii.

Baba yangu alikuwa anabeba mizigo ya watafiti kutoka kwenye boti. Alitusimulia kuhusu sokwe aliyeitwa Flo, bibi kizee, na mwanawe Flint. Flo alipokufa mwaka 1972, kando ya kijito, Flint alikaa karibu na mwili wa mama yake. Hakucheza, hakula. Mtafiti wa huko, Jane Goodall, ameandika kwamba alimwona akipanda mti na kusimama akikitazama kiota kitupu ambacho alikuwa akilala na mama yake. Wiki chache tu baadaye na yeye akafa. Kilikuwa kichanga bado.

Sasa kama mwana wa sokwe anahuzunika kuanzia siku ile ile, hoja ya kwamba mtoto "hajui kifo" inasimama wapi? Sokwe hajasoma maana ya kifo. Anajua mama hayupo, basi.

#13 Mbishi wa Mwanga
Yaani tumetoka kwenye msiba wa mama wa watu tumefika kwa sokwe.

#14 Kakonko Kwetu
@Mto Kakombe habari yenyewe ni ya kweli ila rekebisha moja. Flint hakuwa kichanga, alikuwa na miaka minane na nusu. Kwa sokwe huyo ni kijana anayepaswa kujitegemea. Yeye alikuwa bado analala kiota kimoja na mama na kutaka kubebwa, kwa sababu Flo alikuwa amezeeka na hakuweza kumwachisha. Kwa hiyo wengi wanasema kilichomuua si kufiwa peke yake, ni kufiwa akiwa ameegemea upande mmoja tu.

Na huyo Flo aliandikiwa tanzia kwenye gazeti la Sunday Times la London. Sokwe wa Kigoma.

#15 Mto Kakombe
Nakubali, nimechanganya na mdogo wake. Ila hapo umenisaidia. Kijana wa Mwana Ujiji ana baba, ana mama, ana shangazi wakali. Anazo egemeo nyingine, ndiyo maana aliweza kucheza. Flint hakuwa nayo. Tofauti haiko kwenye akili ya kuelewa kifo, iko kwenye nani amebaki.

#16 Mbishi wa Mwanga
Sasa hilo nalielewa. Lakini bado: nani ametafiti watoto wa Kiafrika? Au sisi ni wa kulinganishwa na sokwe tu?

#17 Kakonko Kwetu
Swali zuri mkuu, na jibu linaanzia karibu kuliko unavyodhani. Sehemu kubwa ya elimu ya jinsi mtoto anavyomshikilia mlezi wake ilipata sura yake Uganda. Mtafiti Mary Ainsworth alikaa vijijini karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akifuatilia familia 26 za Waganda. Alikuwa anakwenda nyumbani kwao mara kwa mara, anaandika ni wakati gani mtoto analia, analilia nani, mama akirudi anafanya nini. Lile jaribio lake la Baltimore, la mama kutoka chumbani na kurudi, lilikuja baadaye. Kitabu chake cha Uganda kilitoka 1967.

Halafu kuna Wanso wa Kameruni. Watafiti wa Ujerumani waliwapa watoto wa miaka minne mtihani wa kusubiri: kitafunwa kimoja kipo mbele yako, ukisubiri usile utapewa cha pili. Kwa Wanso kilikuwa andazi la kwao. Karibu watoto 70 kati ya 100 walisubiri. Wa Ujerumani hawakufika 30. Wakati Wajerumani wanajizungusha, wanaimba, wanatoka chumbani, wa Kinso walikaa kimya. Baadhi yao walipitiwa na usingizi mbele ya andazi.

#18 Mnyamwezi wa Ng'ambo
Mbele ya andazi? Hao wamelelewa.

#19 Kakonko Kwetu
Ndiyo hoja yenyewe. Mama wa Kinso anataka mtoto mtulivu tangu mchanga. Mtoto anayetulia akibebwa na yeyote ndiye mtoto mwema, kwa sababu mama atakwenda shamba na mtoto atabaki kwa wengine. Watafiti waliona watoto wa mwaka mmoja wanachukuliwa na mtu wasiyemjua na uso haubadiliki. Ulaya wangesema huyu ana tatizo. Kule ndiyo adabu.

Kwa hiyo ninaongeza maelezo ya pili, napunguza uzito wa lile la Nagy: huenda kijana wa Ujiji amefundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba mbele ya wageni huleti kilio chako. Wageni walipoondoka, ndipo.

#20 Ticha Buhigwe
Hapo kwenye "amefundishwa" nina neno zito kidogo.

Mimi ni mwalimu wa msingi, mwaka wa kumi na sita sasa. Zamani nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la tatu ambaye ukimkaripia anacheka. Nilidhani ni dharau. Nilimchapa, akacheka. Nikaongeza. Mwenzangu ndiye aliyenivuta pembeni, akaniambia mama wa huyu mtoto amelala hospitali wiki ya pili, na nyumbani akilia anapigwa. Kicheko kile kilikuwa ndiyo kilio kilichobaki. Nilimwomba radhi yule mtoto mbele ya darasa. Mpaka leo nikikumbuka uso wake nakosa raha.

Kuna utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, ukachapishwa mwaka 2014, kwa watoto 409 wa shule ya msingi. Karibu wote, 95 kati ya kila 100, walisema wamewahi kuchapwa na mzazi au mlezi. Na waliochapwa zaidi ndio waliokuwa na matatizo zaidi ya ugomvi na utukutu. Tunachapa ili watulie, kumbe ndio hawatulii.

Sisemi Mwana Ujiji anampiga mtoto. Nasema katika nyumba zetu neno la kwanza mtoto analosikia akilia ni "nyamaza". Tusishangae akinyamaza.

#21 Mwana Ujiji
Simpigi, ticha. Lakini "nyamaza" nalisema. Na siku ya msiba, sasa nimekumbuka, asubuhi ile alipoanza kunung'unika kuona watu wengi, nilimwambia "usilie, wewe ni mwanaume". Nimesimamisha pikipiki pembeni ili niandike hili.

#22 Mbishi wa Mwanga
@Ticha, nina swali la haki kabisa. Hao waliochapwa sana, ni fimbo iliyowafanya watukutu, au utukutu uliwaletea fimbo? Watoto 409 waliulizwa mara moja. Kuku na yai.

#23 Ticha Buhigwe
Ni kweli, waliulizwa mara moja, utafiti wa namna hiyo hauwezi kukata kesi ya nani alianza. Mimi ninasema niliyoyaona darasani baada ya kuacha fimbo.

#24 Mtumbwi Kibirizi
Nimerudi kama nilivyosema.

Nilikuwa na miaka 11. Mtumbwi wa baba ulitoka usiku na watu wanne kuvua dagaa. Kusi ikaanza usiku wa manane. Asubuhi tukiwa ufukweni ukarudi na watu watatu. Hakuna aliyesema kitu, tulihesabu tu. Baba mdogo akaniwekea mkono begani, akaniambia, "Usilie. Wewe ndiye baba wa wadogo zako sasa." Sikulia. Jioni ile ile nilicheza mpira na nikafunga goli, na nilifurahi lile goli. Nililibeba hilo goli kama dhambi miaka mingi.

Miaka kumi na nne baadaye nimepata mtoto wangu wa kwanza. Mama mkwe akaniuliza, tumwite nani? Nikafungua mdomo nitaje jina la baba, sauti haikutoka. Nililia mbele ya mama mkwe mpaka akatoka kuita watu. Miaka kumi na nne.

Mimi nilikuwa na miaka 11, nilijua kifo ni nini, nilishazika. Kwa hiyo @Kakonko, habari ya kutokuelewa hainihusu. Na nilikuwa na mama, nilikuwa na baba mdogo, kwa hiyo @Mto Kakombe, habari ya kukosa egemeo hainihusu. Niliambiwa usilie nikatii. Huo ndio utafiti wangu.

#25 Bi Mkubwa Gungu
Pole baba. Hilo goli halikuwa dhambi.

#26 Nesi wa Kasulu
Mtumbwi, ahsante kwa kutuamini na jambo hili.

Kuhusu goli. Mtoto haingii kwenye huzuni kama mtu mzima anavyoingia mtoni, maji mpaka kifuani, anakaa humo. Mtoto anakanyaga dimbwi, anatoka, anacheza, anakanyaga tena. Ubongo wake hauwezi kubeba mzigo ule kwa muda mrefu. Sehemu ya mbele, hapa nyuma ya paji la uso, inayotuliza hisia kali, inaendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka ishirini. Kucheza ndiyo pumzi yake. Nimeona watoto waliokimbia vita, waliofika kambi za mkoa wetu wakitoka ng'ambo ya mpaka, wanachora nyumba inayoungua, wanainuka wanaruka kamba, wanarudi kumalizia moto.

#27 Kakonko Kwetu
Na kuhusu kubana machozi, watafiti Gross na Levenson walipima Marekani mwaka 1993. Waliwaonyesha watu filamu ya huzuni, nusu wakaambiwa wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli. Lakini walivyohisi ndani hakukupungua, na jasho la ngozi na mishipa ya damu vilionyesha mwili umekazwa zaidi. Unaficha, hupunguzi.

#28 Nesi wa Kasulu
Ya 1993 haikuwa ya huzuni, ilikuwa ya kuchukiza, upasuaji na majeraha. Za huzuni walizitumia kwenye kazi yao ya 1997. Matokeo yalikwenda njia hiyo hiyo.

#29 Kakonko Kwetu
Ahsante nesi, ni kweli. Naona mwalimu wangu wa mtihani yumo humu.

#30 Abuu Khalfan
Na wanaosema dini inakataza machozi waache. Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akaulizwa, akajibu kwamba hayo ni rehema. Kinachokatazwa ni kujipiga na kurarua nguo.

#31 Zawadi Mwandiga
Samahani nachangia kwa mara ya kwanza. Mbona wote mnamtazama mtoto, hakuna anayemtazama baba? Mwana Ujiji ameandika dada zake walilia. Yeye je?

#32 Mwana Ujiji
Sijalia. Nilikuwa nashughulika, jeneza, sanda, wageni wa kutoka Uvinza, chakula. Baada ya hapo ikawa basi.

#33 Zawadi Mwandiga
Basi nadhani mtoto alikuwa anakutazama wewe. Mimi sina shahada, nalea wanne. Mtoto akianguka, kabla ya kulia anakutazama usoni. Ukishtuka analia. Ukisema "haya amka" anaamka. Ananisoma mimi kwanza ndipo anajua kama ameumia.

#34 Kakonko Kwetu
Dada Zawadi, hilo lilipimwa mwaka 1985, kwa watoto wa mwaka mmoja. Waliwekwa juu ya kioo kinene, chini yake kuna kishimo ambacho mtoto anaona kama atatumbukia. Mama yuko upande wa pili. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, katika watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Kishimo kile kile, kioo kile kile. Tofauti ni uso wa mama.

Na Edward Tronick katika miaka ya 1970 alifanya kinyume, alimwambia mama akaushe uso kabisa kwa dakika chache mbele ya kichanga. Kichanga kinatabasamu, kinanyoosha mikono, kinaita kwa sauti, mama hana jibu. Mwishowe kinageuza uso pembeni na kunyong'onyea.

#35 Ticha Buhigwe
Dakika chache tu. Na wengine tunakausha nyuso mwezi mzima.

#36 Mbishi wa Mwanga
Subirini. Kama mtoto anasoma uso wa baba, na baba hajalia mpaka leo, basi huyo mtoto alisoma wapi kilio cha chuma? Hakuna uso uliomwambia alilie chuma. Na kama ni adabu ya kutolia mbele za wageni, jirani mwenye chuma ni mgeni, mbona alilia mbele yake? Na kama hajui kifo, kwa nini tumbo lilianza kuuma kabla ya habari ya chuma? Kila maelezo mliyoleta yana tundu.

#37 Nesi wa Kasulu
Mbishi leo amechangia vizuri kuliko wote, nasema kutoka moyoni. Huenda ni yote kwa pamoja na kila mtoto na kiasi chake. Ila mimi bado nasimama na tumbo.

#38 Bi Mkubwa Gungu
Na mimi nasimama na safari.

#39 Mto Kakombe
Na uso wenyewe usiuamini sana. Mwaka 2014 kulitoka kazi ya watafiti waliokwenda kwa Wahimba wa Namibia na picha za nyuso, wakawaambia wazipange wanavyoona wenyewe. Hawakuzipanga kama Wamarekani. Na walipoulizwa huyu vipi, wengi walitaja kitendo, "anacheka", "anatazama kitu", hawakutaja kilichomo moyoni. Sisi shangazi zetu wanatazama mtoto anacheza, wanasema moyo mgumu. Wahimba wangesema "anakimbia", wakaishia hapo. Nadhani wao wako salama zaidi.

#40 Mnyamwezi wa Ng'ambo
Swali la kawaida: chuma kiko wapi sasa?

#41 Mwana Ujiji
Nilikuwa najipanga kuandika hilo. Juzi nilikwenda mwenyewe kwa jirani nikakichukua. Mama yule mwema, alikuwa amekisugua kwa majivu mpaka kinang'aa. Nikampa mtoto mkononi. Hakusema kitu. Alikwenda nacho ndani, akachukua kanga ya bibi iliyokuwa kwenye kiti, akakifunga, akakisukuma chini ya kitanda chake.

Usiku nilikaa naye. Nilimuuliza bibi yuko wapi. Akasema, "Kaburini." Nikamuuliza, atarudi? Akasema, "Hapana." Nikamuuliza, sasa mbona umekificha chuma? Akasema, "Kisipotee."

#42 Kakonko Kwetu
Basi anajua. Miaka minne na nusu, anajua.

#43 Mbishi wa Mwanga
Anajua kwa mdomo. Mtoto hurudia alichoambiwa. Chini ya kitanda ndiko kuna jibu lake, na lile jibu ni la mtu anayesubiri.

#44 Bi Mkubwa Gungu
Au ni la mtu anayetunza. Mimi nina bakuli la marehemu mume wangu tangu 1998, sisubiri mtu. Mwanangu, usimhoji tena huyo mtoto. Kaa naye tu.

#45 Zawadi Mwandiga
Na wewe je, baba?

#46 Mwana Ujiji
Bado, dada. Ijumaa mke wangu atapika, mtoto amekubali kukitoa chini ya kitanda kwa sharti akirudishe mwenyewe. Nitakaa naye pale jikoni.

#47 Mtumbwi Kibirizi
Chuma kina mashimo mangapi?

#48 Mwana Ujiji
Saba. La katikati ndilo lilikuwa lake.